Maradhi Yale Yale, Nchi Mbalimbali

Mgonjwa wa Madrid na mgonjwa wa Copenhagen huweza kupatwa na maradhi ya neva yenye jina moja, wakiwa na umri mmoja na dawa za namna moja, na baada ya miaka kadhaa yule wa kaskazini akawa taabani kuliko mwenzake wa kusini. Habari hii ilitangazwa mwaka 2022 na watafiti waliozipekua kumbukumbu za MSBase, sajili ya kimataifa yenye makao yake Melbourne, Australia, ambamo waliwatazama wagonjwa 46,128 wa maradhi yaitwayo multipo sklerosisi, ambayo ndani yake kinga ya mwili huushambulia utando unaozifunika neva za ubongo na uti wa mgongo, hata mtu akapoteza nguvu za miguu, nuru ya macho au uthabiti wa mwendo. Waliona kwamba chini ya latitudo ya digrii 40 hapakuwa na tofauti ya kutajika. Lakini kuanzia hapo, kadiri mtu alivyokaa mbali zaidi na Ikweta ndivyo ulemavu wake ulivyokuwa mzito, hata tofauti ya wastani baina ya Madrid na Copenhagen ikafikia alama 1.3 katika kipimo wanachokitumia matabibu kuupimia ukali wa maradhi hayo.

Multipo sklerosisi ni moja tu katika jamii kubwa ya maradhi yenye asili ya namna moja, nayo ni kinga iliyoumbwa ivipige vijidudu kuja kuugeukia mwili inaoulinda. Ikivishambulia viungo vya mikono na magoti, ndiyo baridi yabisi. Ikiziangamiza chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, ndicho kisukari cha aina ya kwanza, ambacho aghalabu huwapata watoto na vijana. Na ikiwasha moto katika ngozi, maungo, damu na mafigo kwa pamoja, ndiyo lupasi, ambayo katika kila wagonjwa kumi wake takriban tisa ni wanawake, na wengi wao wa umri wa kuzaa. Nasaba ina sehemu yake katika maradhi haya yote, walakini nasaba haitoshi kueleza kwa nini watu wenye damu ya karibu, wakitenganishwa na mpaka au na bahari, wanaugua kwa viwango mbalimbali na kwa ukali mbalimbali.

Ninalotaka kulisema katika makala haya ni hili: kwamba mahali anapoishi mtu huingia katika mwili wake na kuongeza au kupunguza ukali wa maradhi ya kinga, na kwamba, miongoni mwa njia zote za kuingia huko, iliyo kali mno kwetu sisi wa Afrika Mashariki ni ile iliyofanywa na wanadamu, yaani umbali ulioko baina ya mgonjwa na mtu awezaye kuyatambua maradhi yake. Kwa muda mrefu tumeambiwa, na sisi wenyewe tumekuwa tukiambiana, kwamba maradhi haya ni ya Wazungu na kwamba kwetu ni nadra. Neno hilo lina ukweli ndani yake; lakini limetudhuru pia, kwa sababu kisichotarajiwa hakitafutwi, na maradhi yasiyotafutwa hugunduliwa yakiwa yamekwisha kuharibu.

Jua, rafiki na adui

Wa kwanza kushukiwa alikuwa jua. Mwaka 1967 tabibu Geoffrey Dean, aliyefanya kazi Port Elizabeth nchini Afrika Kusini, alitangaza hesabu zilizowashangaza wenzake: Wazungu waliozaliwa Afrika Kusini walipatwa na multipo sklerosisi kwa uchache mno wakilinganishwa na Wazungu waliohamia huko kutoka Ulaya wakiwa watu wazima, ambao walikuja na hatari ile ile ya makwao. Na mwaka 1971, aliposhirikiana na Mmarekani John Kurtzke, ikabainika ya kuwa mtu aliyehamia kabla ya kutimiza takriban miaka 15 alipata salama ya wenyeji, ilhali aliyevuka bahari baada ya umri huo alibaki na hatari ya nchi alikotoka. Maana yake ni kwamba mahali huandika hati yake mwilini mapema, katika utoto, na wino ukikwisha kukauka safari haiwezi tena kuufuta.

Sababu inayotajwa sana ni miale ya urujuanimno, ambayo huiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D na ambayo, hata bila ya vitamini hiyo, hutuliza baadhi ya chembe za kinga. Katika nchi za kaskazini ya Ulaya, miezi ya baridi inapofika, jua hupita chini sana angani hata miale hiyo haifiki ardhini kwa kiasi cha kufaa, na watu hukaa majumbani wamejifunika. Watafiti wa MSBase nao waliona kwamba wale ambao walipata miale michache kabla ya kutimiza miaka 6, na tena kabla ya miaka 18, ndio waliolemaa kwa haraka zaidi baadaye. Jambo hilo linakubaliana na yale aliyoyaona Dean zaidi ya nusu karne kabla yao, kwa njia nyingine na katika bara jingine.

Mtu angeweza kukimbilia kusema kwamba sisi tulio chini ya jua la Ikweta tumejaliwa neema, na katika maradhi haya ya neva ni kweli tumejaliwa. Lakini jua lile lile linalomtuliza mgonjwa wa neva humchoma mgonjwa wa lupasi, maana miale yake huziua chembe za ngozi, na chembe zikifa hutoa nje yale yaliyomo katika viini vyake, nayo ndiyo hasa ambayo kinga ya mgonjwa huyo imekwisha kuyafanya adui. Siku moja ya jua kali yaweza kuamsha vipele usoni, homa, maumivu ya viungo na hata uvimbe wa mafigo uliokuwa umelala. Kwa hiyo tabibu humwambia mgonjwa wake ajifunike, avae kofia pana, ajipake dawa ya kuzuia jua na asitoke mchana. Shauri jema kabisa kwa karani wa ofisini, na zito mno kwa mwanamke anayelima mwani katika fukwe za mashariki ya Unguja, au anayepalilia shamba la mihogo tangu alfajiri hata adhuhuri, ambaye kujificha jua ni kujinyima riziki.

Tena, jua peke yake halitoshi kuwa hoja. Watoto wa Ufini, nchi ya giza refu la baridi, ndio wanaoongoza ulimwengu kwa kisukari cha aina ya kwanza, na katikati ya miaka ya 2000 hesabu yao ilipita watoto 60 wapya kila mwaka katika kila watoto laki moja. Walakini wanaofuatia kwa karibu huko Ulaya ni watoto wa Sardinia, kisiwa cha Italia kilichomo katikati ya bahari ya Mediterania, ambacho jua halikukipungukia. Yako basi mambo mengine ambayo lazima yatafutwe chini ya anga, katika udongo, maji na matumbo ya watu.

Ilimu iliyopatikana Ibadan na Kampala

Mwaka 1968 tabibu wa Kiingereza, Brian Greenwood, aliyekuwa akifanya kazi Ibadan nchini Nigeria, alitoa taarifa ambayo hata leo hurejewa. Alizipekua kumbukumbu za hospitali ya chuo kikuu cha huko kwa muda wa miaka kumi, tangu 1957 hata 1966, na katika wagonjwa waliolazwa wapatao laki moja aliwakuta 104 tu wenye maradhi ya kinga kuugeukia mwili. Greenwood akawaza ya kuwa malaria na vimelea vingine, ambavyo havikumwacha mtoto yeyote wa mahali pale tangu kuzaliwa, huenda vinaizuia kinga isifikie kuushambulia mwili. Na ili asibaki na dhana tupu, mwaka 1970 yeye na wenzake wakawaambukiza malaria panya wa namna ambayo kwa nasaba yake hupatwa na maradhi yanayofanana na lupasi, wakaona panya walioambukizwa wamehifadhika. Huyu ndiye Greenwood ambaye baadaye alijulikana kwa kazi zake za kupambana na malaria nchini Gambia, na ambaye mwaka 2008 alitunukiwa Tuzo ya Hideyo Noguchi ya Afrika pamoja na Profesa Miriam Were wa Kenya.

Mafunzo ya Ibadan yameungwa mkono kutoka pande zisizotarajiwa. Mjini Buenos Aires, watafiti wawili, Jorge Correale na Mauricio Farez, waliwafuata kwa zaidi ya miaka minne wagonjwa 12 wa multipo sklerosisi waliokuwa na minyoo matumboni, wakawalinganisha na wengine wasio na minyoo. Na mwaka 2007 wakaeleza kwamba wenye minyoo walipatwa na mashambulizi machache mno ya maradhi yao. Wanne kati yao walipokuja kupewa dawa ya minyoo, kwa kuwa ilikuwa imeanza kuwadhuru, maradhi ya neva yaliamka tena. Hapa hatuzungumzi tena habari ya nani ataugua na nani hataugua. Tunazungumza ukali wa maradhi katika mtu aliyekwisha kuugua, na jinsi kiumbe cha udongoni kinavyoweza kuupandisha na kuushusha.

Nako Karelia, jimbo lililogawanywa baina ya Ufini na Urusi baada ya vita vya miaka ya 1940, watafiti wamepata mahali ambapo historia yenyewe imefanya jaribio. Pande mbili za mpaka wamo watu ambao vinasaba vyao vya hatari ya kisukari havitofautiani sana, wanaokaa chini ya anga moja na baridi moja. Lakini kisukari cha aina ya kwanza kimekuwa takriban mara sita zaidi upande wa Ufini uliotajirika kuliko upande wa Urusi uliobaki maskini. Upande wa Urusi watoto walikutana zaidi na vijidudu vya maji na chakula, na bakteria waliomo matumboni mwao ni wa jamii nyingine. Kinga ya mtoto hulelewa na vile inavyokutana navyo, mfano wa mlinzi kijana ambaye, asipozoeshwa tangu mwanzo sura za wapitao njia, huja kumrukia hata mwenye nyumba.

Hata umri wa kukutana na kijidudu una uzito wake, na katika hili Afrika Mashariki imetoa mchango ambao haufai kusahauliwa. Mwaka 1961 Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyekuwa Mulago mjini Kampala, alihutubia mjini London habari za uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Uganda. Na miongoni mwa waliomsikiliza alikuwamo Anthony Epstein, ambaye pamoja na Yvonne Barr na Bert Achong, kwa kutumia vipande vya uvimbe huo vilivyoletwa kwa ndege kutoka Kampala, walivigundua mwaka 1964 virusi vinavyoitwa hadi leo kwa majina ya Epstein na Barr. Mwaka 2022, baada ya kuchunguzwa kumbukumbu za damu za wanajeshi zaidi ya milioni 10 wa Marekani, ilidhihirika kwamba mtu anapoambukizwa virusi hivyo ukubwani hatari yake ya kupata multipo sklerosisi huongezeka mara 32. Kwetu karibu watoto wote huvipata katika miaka yao ya kwanza, wala wazazi wasijue. Katika nchi za starehe wengi huvipata wakiwa wamebaleghe, na ni kuchelewa huko kunakohusishwa na madhara.

Lazima niseme wazi, kwa sababu habari za namna hii huweza kutumiwa vibaya, kwamba hakuna katika haya yote hoja ya kuiacha malaria au minyoo iendelee. Malaria huua watoto kwa malaki kila mwaka, na safura huwanyonya damu mama wajawazito hata wakajifungua wakiwa hoi. Majaribio ya kuwapa wagonjwa minyoo kwa makusudi, ili yawe matibabu, hayakuleta matokeo yaliyotumainiwa. Ilimu hii inatufundisha jinsi kinga inavyolelewa, na pengine siku moja itatupa dawa isiyo na dhara la vimelea. Kwa sasa inatuambia pia kwamba, kadiri miji yetu inavyokua na maji yetu yanavyotakata, hifadhi ile ya zamani itaondoka, na maradhi yaliyokuwa nadra yatazidi kutufikia.

Kovu la malaria katika damu

Mahali huacha athari hata kwa waliokwisha kupahama, kwa sababu maradhi ya nchi huchagua, katika dahari ya vizazi, ni nani ataishi hata azae. Mwaka 2010 wanasayansi walieleza juu ya tofauti ndogo katika jeni moja la kinga, ambayo kwa watoto wa Kenya walioirithi kwa wazazi wote wawili iliwapa ulinzi dhidi ya malaria kali, na ambayo kwa watu wa Ulaya na Asia ilihusishwa na kupatwa na lupasi. Huko Sardinia, ambako malaria ilitawala hadi ilipofutwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 2017 iligunduliwa tofauti nyingine ya nasaba inayozichochea chembe za damu zitengenezazo kingamwili. Wenye nayo wana hatari zaidi ya lupasi na multipo sklerosisi, na watafiti wanaona ya kuwa yaelekea ilienea kisiwani kwa kuwa iliwakinga wahenga wao na homa hiyo. Silaha iliyonolewa kwa ajili ya adui, adui akiondoka, hubaki ina makali.

Mfano ulio mzito kuliko yote ni ule wa jeni liitwalo APOL1. Aina zake mbili zilizoenea hasa miongoni mwa watu wa Afrika Magharibi huipa damu uwezo wa kukiua kimelea cha malale, yule mgeni anayeletwa na mbung'o. Na tangu 2010 tunajua kwamba mtu aliyerithi aina hizo kwa baba na kwa mama yumo katika hatari kubwa zaidi ya mafigo kushindwa kazi. Wazao wa Waafrika waliochukuliwa utumwani hadi Marekani walikwenda na urithi huo mahali ambapo hapana mbung'o wala malale, na huko mwanamke mweusi apatwapo na lupasi, ambayo humpata mara mbili hadi tatu zaidi kuliko mwanamke mweupe, mafigo yake huwa hatarini kuharibika upesi zaidi akiwa amerithi aina hizo. Bahari ya Atlantiki waliivuka, lakini mbuga za mbung'o hazikutoka katika damu yao.

Jiografia iliyofanywa na watu

Pamoja na hayo, ingekuwa ni kukosa insafu kuzitwika nasaba mzigo wote. Mwaka 1994 watafiti katika majimbo ya Alabama na Texas, wakaungwa mkono baadaye na wenzao wa Puerto Rico, walianza kuwafuata wagonjwa wa lupasi wa asili mbalimbali, na kazi hiyo iliyoongozwa na Dakta Graciela Alarcón ilijulikana kwa jina la LUMINA. Wagonjwa wenye asili ya Kihispania wa Texas walikuwa na maradhi makali, yenye kuingia mafigoni, karibu sawa na weusi wa Marekani. Ilhali wale wa Puerto Rico, ambao huitwa kwa jina lile lile la Kihispania, maradhi yao yalikuwa mepesi zaidi. Nasaba zao zina tofauti, ni kweli, na maisha yao pia; lakini walipotafuta ni jambo gani lililotangulia kifo, umaskini ulijitokeza pamoja na uharibifu wa mafigo.

Tuangalie na historia yenyewe. Katikati ya miaka ya 1950, katika hospitali mashuhuri ya Marekani, karibu nusu ya wagonjwa wa lupasi walikuwa wamefariki kabla ya miaka minne kupita tangu kutambuliwa. Leo, katika nchi zenye mali, zaidi ya wagonjwa tisa katika kumi huishi miaka mitano na kuendelea. Jua halikubadilika katika muda huo, wala nasaba za watu. Kilichobadilika ni kupima mapema, dawa, utaratibu wa kurudi kliniki, na mashine ya kusafisha damu kwa yule ambaye mafigo yake yameshindwa. Kwa hiyo, pale ambapo mambo hayo hayajafika, lupasi ya leo inafanana na ile ya 1955, na mgonjwa anayeishi leo katika kijiji kisicho na maabara anaishi, kwa habari ya maradhi yake, katika karne iliyopita.

Mgonjwa wetu huanza kwa uchovu, homa za kwenda na kurudi, nywele kukatika na viungo kuuma asubuhi. Hupewa dawa ya malaria mara ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, kwa kuwa homa katika nchi yetu ina jina kabla ya kupimwa. Upele wa mashavuni, ambao vitabu vingi huuonyesha ukiwa mwekundu katika ngozi nyeupe, katika ngozi nyeusi huwa wa rangi ya zambarau au weusi uliozidi, na mtu asiyefundishwa hupita asiutambue. Uso ukianza kuvimba na mkojo kufanya povu, figo zimekwisha kuingiliwa. Na kipimo cha kuthibitisha, cha kutoa kipande kidogo cha figo na kukitazama kwa hadubini, hupatikana katika hospitali chache za miji mikubwa. Wataalamu wa maradhi ya viungo na kinga hawafiki mmoja kwa kila watu milioni moja katika nchi nyingi za Afrika. Na hata matibabu yakipatikana, vijidudu vya mahali havituachi: prednisoloni, ambayo huituliza kinga iliyopotoka, humfungulia mlango kifua kikuu kilichokuwa kimelala mwilini, hivyo tabibu wa Afrika Mashariki hulazimika kukabiliana na hatari mbili pale ambapo mwenzake wa Oslo hukabiliana na moja.

Kisukari cha aina ya kwanza ni shahidi mwingine. Tangu insulini ilipogunduliwa Toronto mwaka 1921, hakuna mtoto ambaye inampasa kufa kwa maradhi haya. Walakini mtoto anayekojoa mno, anayekunywa maji asishibe, anayekonda, kisha akaanza kutapika na kupumua kwa kasi, kwetu hudhaniwa ana malaria au nimonia, na wako wanaozikwa bila ya maradhi yao kupata jina. Aliyebahatika kupimwa hukutana na mtihani wa joto, maana insulini imeamriwa ihifadhiwe katika jokofu, na nyumba nyingi hazina umeme. Kwa miaka mingi familia zimeitia katika mitungi ya udongo yenye unyevu. Na mwaka 2021 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva, baada ya kupima joto la nyumba katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley huko Dadaab, Kenya, na kuijaribu insulini katika joto la namna hiyo, walithibitisha kwamba hubaki na nguvu zake kwa wiki nne hata joto likipanda na kushuka baina ya digrii 25 na 37. Hii ni habari ya faraja kubwa, na ilitoka katika moja ya sehemu zenye joto na dhiki kuliko nyingi duniani: joto la Dadaab halikupungua hata nukta, bali hatari yake kwa mtoto imepungua, kwa sababu watu wamelichunguza badala ya kuliogopa.

Na iko dawa moja ambayo kisa chake kinatuhusu sana. Mwaka 1894 tabibu Joseph Payne wa London aliwapa kwinini, dawa ya malaria, wagonjwa wa lupasi ya ngozi, akaona wanapata nafuu. Na mwaka 1951 mwenzake Francis Page akatangaza kwamba mepakrini, ambayo ilitumiwa na askari wa vita vya pili dhidi ya malaria, ilifanya hivyo hivyo. Kutoka hapo ikaja haidroksiklorokwini, ndugu wa ile klorokwini ambayo kila mtu mzima wa pwani anaukumbuka uchungu na mwasho wake, na ambayo leo ndiyo nguzo ya matibabu ya lupasi ulimwenguni kote. Wagonjwa wa Amerika Kusini walioitumia walionekana kuishi zaidi kuliko wasioitumia. Mwaka 2020, ilipovumishwa kuwa inaponya korona, wagonjwa wa lupasi katika nchi nyingi waliikosa madukani. Dawa iliyozaliwa kutokana na homa ya nchi za joto haifai kuwa adimu kwa mgonjwa wa nchi za joto.

Yaliyo katika uwezo wetu

Nimesema habari za jua, vimelea na nasaba kwa urefu kwa kuwa ni elimu yenye kustahili kujulikana, na kwa kuwa anayeielewa hawezi tena kudhani kwamba maradhi haya ni laana, au uchawi, au adhabu ya mwanamke aliyekosa. Lakini faida yake kubwa ni kutuonyesha mpaka ulipo baina ya yale tusiyoyaweza na yale tunayoyaweza.

Tunaweza kumfundisha kila tabibu wa zahanati kwamba homa isiyokubali dawa ya malaria, kwa msichana mwenye viungo vinavyouma na nywele zinazokatika, inataka kufikiriwa upya. Tunaweza kuagiza kwamba mtoto yeyote aliyekonda na kutapika apimwe sukari kabla ya kuchomwa sindano nyingine; tone moja la damu, dakika moja ya muda. Tunaweza kuhakikisha kwamba kijiti cha kupimia mkojo, ambacho huonyesha protini na damu kabla figo hazijafa, hakikosekani katika kituo chochote cha afya. Nchini Kenya mradi ulioitwa Uwezo uliwafundisha matabibu wa kawaida kuyatambua maradhi ya viungo na mifupa, ukaonyesha kwamba haitupasi kungoja hadi kila wilaya ipate bingwa. Mtu aliyefundishwa kushuku mapema na kupeleka mapema ametenda nusu ya kazi ya bingwa. Tunaweza pia kuanzisha sajili zetu wenyewe, za Dar es Salaam, Mombasa na Kigoma, ili tujue maradhi haya yanaenda vipi kwetu, badala ya kuishi kwa hesabu za Ibadan za miaka 60 iliyopita, ambazo ziliwahesabu wale tu waliofika hospitali, na katika zama ambazo vipimo vya kingamwili vilikuwa vichanga.

Na wale walio na wagonjwa nyumbani wanaweza jambo lao. Wamwamini mtu anaposema amechoka ingawa uso wake haujavimba bado. Wamkinge na jua la mchana kwa kumpokea kazi za nje, badala ya kumwita mvivu. Wasimwachishe dawa akipata nafuu, maana nafuu hiyo ni kazi ya dawa. Na wasimpitishe kwa waganga wengi hata mafigo yakafa njiani.

Latitudo ya nchi yetu hatuiamuru, wala hatuwezi kuzirudisha nyuma nasaba ambazo malaria na malale vilizichagua kwa karne nyingi. Kijiti cha mkojo, chupa ya insulini, vidonge vya haidroksiklorokwini na mshahara wa anayejua kuvitumia ni mambo ya bajeti, na bajeti huandikwa na kupitishwa na watu tunaowajua kwa majina na tunaowapigia kura. Kwao ndiko maswali haya yanakopaswa kupelekwa, kabla ya kulaumiwa jua.